Nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya, Iringa na jirani zake

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye ruta moja nyumbani, iwe ya laini ya 4G iliyonunuliwa Kabwe au Mwanjelwa, iwe ya faiba iliyovutwa mpaka sebuleni kule Gangilonga. Si lazima uwe umesomea kompyuta. Kazi yote ya kuufunga mtandao kwa nenosiri inaisha kabla maharage hayajaiva, na ninakusihi uifanye mwenyewe. Anayeweka nenosiri ndiye anayelijua, na nyumba nyingi mjini kwetu mtu huyo ni fundi aliyepita siku moja akaenda zake.

Sina siri yoyote kwenye simu yangu. Kwa nini nihangaike kuufunga?

Tuanze na bando. Wengi wetu Nyanda za Juu Kusini tunatumia ruta za laini ya simu, zenye kifurushi cha GB za kuhesabu. Video ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Mtandao ukiwa wazi, vijana watatu waliokaa ukutani kwako jioni wanamaliza kifurushi chako cha wiki, na kifurushi kikiisha hakitakuambia kwamba ni wao.

Kisha kuna jina lako. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA. Mtu akitapeli wengine au kumtukana mtu mtandaoni kwa kupitia ruta yako, wanaomtafuta wataanza na mwenye laini. Utajieleza, na huenda ukaeleweka, lakini utajieleza ukiwa umeshaitwa.

La tatu watu hawalifikirii kabisa: aliyeingia kwenye Wi-Fi yako yuko ndani ya mtandao wa nyumba yako. Anaweza kuifikia printa, kamera ya getini, mafaili uliyoyaweka wazi kwenye kompyuta, na ukurasa wa kuiendesha ruta yenyewe.

Usimbaji unafanya nini hasa? Si nenosiri tu la kuingilia?

Wi-Fi ni redio. Simu na ruta zinaporushiana data, yeyote aliye karibu na kompyuta ya kawaida anaweza kuyanasa mawimbi hayo. Usimbaji unaivuruga data kwa hesabu zinazotegemea ufunguo, na ufunguo huo unatokana na nenosiri lako. Anayenasa bila ufunguo anapata takataka. Kwa hiyo nenosiri la Wi-Fi linafanya kazi mbili kwa pamoja: linamzuia asiyeruhusiwa kujiunga, na linaficha kinachopita hewani kwa wale walioruhusiwa.

Usichanganye jambo hili na ule ukurasa unaofunguka hotelini au chuoni, ukitakiwa kuandika namba ya chumba au ya usajili. Ukurasa ule unaamua nani apewe intaneti tu. Kama simu haikuulizwa nenosiri kabla ya kuunganishwa, mara nyingi data yako inapita hewani bila kusimbwa na mtandao wenyewe.

Kwenye ruta naona WEP, WPA, WPA2, WPA3. Nichague ipi?

Hizo zote ni aina za usimbaji, za zamani na za sasa. Jibu fupi: WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaiweza, la sivyo ule mchanganyiko unaoandikwa WPA2/WPA3. Kama ruta ni ya zamani, chagua WPA2-PSK (yaani WPA2 ya nenosiri moja kwa nyumba nzima) pamoja na AES, ambayo ni njia imara ya kusimba. Vingine vyote viache.

Jibu refu linafaa kujulikana, kwa sababu ruta za mtumba bado zinauzwa na bado zina WEP kwenye orodha. WEP ilitoka mwaka 1997. Mwaka 2001 wataalamu wa usimbaji Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha udhaifu katika namna inavyotengeneza funguo zake, na kufikia 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, waliweza kuufungua mtandao wa WEP kwa chini ya dakika moja. Dakika moja hiyo haitegemei urefu wa nenosiri. Uweke neno gumu namna gani, kosa liko kwenye WEP yenyewe. Ndiyo maana nasema wazi: ruta isiyo na kitu zaidi ya WEP usiinunue hata kwa bei ya kutupa, na kama unayo, ipumzishe.

WPA ya kwanza ilitoka 2003 kama kiraka cha haraka, ikitumia njia iitwayo TKIP ili vifaa vya wakati ule viendelee kufanya kazi. WPA2 ikafuata 2004 na AES, na hiyo ndiyo iliyobeba dunia kwa miaka mingi. WPA3 ilitangazwa 2018, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachoomba cheti cha Wi-Fi lazima kiwe nayo.

Tofauti ya WPA2 na WPA3 ina maana hata kwa nyumba ya kawaida. Kwenye WPA2, simu inapojiunga, yenyewe na ruta hubadilishana ujumbe mara nne, kama watu wanaosalimiana. Mtu akizinasa salamu hizo mara moja tu, akiwa amepita nje ya uzio, anaweza kwenda nazo kwake na kukisia nenosiri mamilioni ya mara bila kurudi. Kwenye WPA3 kila kisio linalazimika kupitia ruta yenyewe, ana kwa ana, hivyo kasi yake inakufa. Tena, kwenye WPA2 mtu anayelijua nenosiri na aliyezinasa salamu za simu yako anaweza kuifungua data ya simu hiyo. WPA3 inalizuia hilo.

Ukiona "Personal" na "Enterprise", chukua Personal. Enterprise ni ya ofisi na vyuo, ambako kila mtu ana jina lake la kuingilia na kuna kompyuta ya pembeni ya kuwahakiki.

Naingiaje kwenye ruta ili nibadilishe?

Igeuze ruta uangalie stika yake. Kuna anwani, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, na jina na nenosiri la kuingilia. Unganisha simu au kompyuta kwenye Wi-Fi hiyo, zima data ya simu kwanza (simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinarukia data zenyewe, na ukurasa haufunguki), kisha andika anwani hiyo kwenye Chrome au kivinjari chochote, pale juu unapoandika anwani za tovuti. Kivinjari kinaweza kukuonya kwamba ukurasa si salama. Hapa endelea, maana unaongea na kifaa kilicho mezani kwako.

Menyu nyingi ziko kwa Kiingereza. Tafuta "WLAN" au "Wireless", ndani yake "Security". Hapo utachagua WPA2 au WPA3 na kuandika nenosiri jipya. Kama ruta ina mikondo miwili, wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, angalia yote miwili. Nimeona nyumba kadhaa ambazo mmoja umefungwa vizuri na mwingine uko wazi kabisa, na mwenye nyumba hana habari, kwa kuwa simu yake hutumia ule uliofungwa.

Ukibonyeza "Save", utakatwa. Ni kawaida. Unganisha upya kwa nenosiri jipya.

Kabla hujatoka humo, badilisha pia nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Hili si lile la Wi-Fi. Ruta nyingi zimetoka kiwandani na "admin" kwa "admin", na mgeni yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia, akabadilisha kila kitu, akakufungia nje ya nyumba yako. Na kama kuna mahali pameandikwa "Remote Management", pazime. Ruta yako haina sababu ya kuendeshwa na mtu aliye nje ya nyumba.

Nenosiri zuri ni lipi? Nimezoea kuweka namba yangu ya simu.

Hapa ndipo ningependa usome taratibu kuliko kokote kwenye ukurasa huu, kwa sababu mtaani kwetu namba ya simu ndiyo nenosiri linalopendwa kuliko yote. Ukisimama popote kati ya Mafiati na Soweto ukajaribu namba iliyoandikwa kwenye ubao wa duka, nina hakika hutakosa Wi-Fi ya kuingia. (Usijaribu. Sababu iko chini kwenye swali la sheria.)

Tufanye hesabu. Namba zetu za simu zina tarakimu kumi na zinaanza na 06 au 07. Zimebaki nane za kukisia. Hiyo ni milioni 100 kwa 06 na milioni 100 kwa 07, jumla milioni 200. Kadi nzuri ya michoro, ile ile vijana wanayonunua kwa ajili ya magemu, inakisia manenosiri ya WPA2 zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Milioni 200 zinaisha kwa dakika tatu na ushei. Hapo hatujasema kwamba namba yako ipo kwenye ubao wa duka lako, kwenye kadi za harusi na kwenye kila kundi la WhatsApp la ukoo.

Tarehe ya kuzaliwa ni mbaya zaidi. Miaka 100 ina tarehe kama 36,500 tu. Hiyo haifiki hata sekunde.

Vipi neno la nyumbani? Nimekutana na watu wanaoamini kwamba neno la Kinyakyusa au la Kihehe halitakisiwa na mtu. Kuna ukweli kidogo, maana orodha nyingi za maneno zinazozunguka duniani zimejaa Kiingereza. Lakini anayetaka Wi-Fi yako si mtu wa ng'ambo. Ni mtu anayeishi nyumba ya tatu, na lugha anaijua. Tena maneno yanayomjia kila mtu kichwani ni mafupi. "Kamwene" ina herufi saba, "ugonile" saba, na WPA2 haikubali chini ya nane, hivyo watu huongeza 1 mwishoni. Kamwene1. Mkisiaji wa Iringa ataanza na hilo.

Ninachopendekeza ni maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Chukua kamusi, fumba macho, fungua, weka kidole. Rudia. Ukipata kitu kama birika-sokwe-hamsini-karafuu, hilo ni nenosiri (ila sasa hilo limeshachapishwa hapa, tafuta lako). Ukichagua maneno manne hivyo kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776, idadi ambayo inapatikana kwa kurusha dadu tano, michanganyiko ni zaidi ya trilioni 3,600. Kadi ile ile ya milioni moja kwa sekunde itahitaji zaidi ya miaka 100 kuimaliza. Akija mtu na kadi kumi, itakuwa miaka kumi na kidogo. Ongeza neno la tano na muda unazidishwa mara 7,776 tena.

Sharti ni bahati nasibu. Usichague maneno unayoyapenda. Usiweke methali, wala mstari wa wimbo wa kanisani, wala aya anayoijua kila mtu, kwa sababu sentensi iliyokwisha kuandikwa mahali inaweza kuingizwa kwenye orodha kama neno moja. WPA2 inaruhusu mpaka herufi 63, kwa hiyo nafasi ipo. Tumia herufi ndogo tupu na vistari: bibi ataliandika kwa urahisi kwenye simu ya kitufe kikubwa, na TV haitakusumbua. Alama za ajabu kama @ na # zinawatesa wageni kuliko zinavyomtesa mkisiaji. Ukiziweka ndani ya neno fupi, hazikusaidii kitu.

Na tafadhali, lisifanane na PIN yako ya M-Pesa au ya benki. Nenosiri la Wi-Fi utalitaja kwa watu, maisha yako yote.

Lile lililobandikwa chini ya ruta halitoshi?

Wakati mwingine ni imara, hasa likiwa refu na la mchanganyiko wa herufi na namba. Tatizo ni kwamba ruta ikikaa dirishani au kaunta ya saluni, stika inapigwa picha na yeyote. Pia baadhi ya ruta hutoka na namba nane tupu, na hizo ni milioni 100, umeshaona hesabu yake. Badilisha.

Jina la mtandao lina umuhimu?

Lina, kuliko watu wanavyodhani. WPA2 hailitumii nenosiri kama lilivyo. Hulisaga pamoja na jina la mtandao mara 4,096 ndipo ufunguo upatikane. Kwa hiyo mtu anaweza kusaga mapema manenosiri mengi kwa majina yanayojulikana, yale ya kiwandani, kisha akayatumia popote anapokuta jina hilo. Jina lako la pekee linamlazimisha aanze upya.

Ila usiweke jina lako kamili, wala namba ya nyumba, wala aina ya ruta. Hakuna haja ya kumwambia mpita njia ni nyumba gani na ina kifaa gani.

Nikilificha jina, si ndiyo salama zaidi?

Hapana. Jina linasikika kila simu yako inapojiunga, na simu iliyozoea mtandao uliofichwa huwa inauita kwa jina kila inakokwenda, hadi stendi. Ni usumbufu usio na faida.

Na kuruhusu simu fulani tu kwa anwani zake za MAC?

Anwani ya MAC ni namba ya kukitambulisha kila kifaa. Anwani hizo zinapita hewani bila kufichwa hata mtandao ukiwa na usimbaji, na anayetaka anaweza kuiga moja. Isitoshe, simu za Android 10 kuendelea na iPhone za iOS 14 kuendelea hutumia anwani za kubuni, kwa hiyo utashangaa simu ya mkeo inakataliwa. Usipoteze muda.

Kitufe cha WPS ni cha nini? Fundi alinionyesha, unabonyeza tu inaunganika.

Kizime kwenye menyu. Kitufe chenyewe si kibaya sana kwa kuwa lazima mtu aguse ruta. Shida ni PIN ya tarakimu nane inayokuja nacho. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alieleza kwamba ruta huihakiki PIN hiyo kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kujihakiki tu, hivyo badala ya mamilioni ya majaribio yanabaki 11,000. Hiyo ni kazi ya masaa. Ukishaweka nenosiri zuri la maneno matano na kuacha WPS imewashwa kwenye ruta ya zamani, mtu analiruka nenosiri lako lote na kuingia kwa PIN.

Nina nyumba ya wapangaji Ilomba, vyumba sita, tunachangia Wi-Fi moja. Nifanyeje?

Hili ni swali la mama mmoja mwenye nyumba, na linawahusu pia wenye hosteli za wanafunzi kule Iyunga karibu na MUST, na Iringa karibu na Mkwawa. Lina ugumu wake, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, nenosiri la watu sita halina mwenyewe. Mpangaji mmoja atampa mpenzi, mwingine atampa jirani wa dukani, na mwezi wa tatu hujui nani yuko ndani. Kuna pia programu za simu ambazo humwonyesha mtu manenosiri ya Wi-Fi zilizo karibu. Watu hawajiulizi zinayapata wapi. Zinayapata kwa watumiaji wake wenyewe, wanaoshiriki mitandao waliyojiunga nayo. Mpangaji mmoja akiiweka programu kama hiyo na kukubali masharti bila kusoma, nenosiri la nyumba yako linaweza kuwa la mji mzima.

Kwa hiyo, mama, tenganisha. Ruta nyingi zina "Guest Network", mtandao wa wageni wenye jina na nenosiri lake. Wewe na familia yako mbaki kwenye ule mkuu, ambao nenosiri lake hapewi mtu mwingine. Wapangaji wawe kwenye ule wa wageni. Kwenye ruta nyingi waliomo kwenye mtandao wa wageni hawawezi kuifikia printa yako wala ukurasa wa ruta, na kama kuna chaguo la kuwatenga wao kwa wao, liwashe. Hakikisha tu kwamba mtandao wa wageni nao una WPA2 au WPA3, maana kwenye baadhi ya ruta huanza ukiwa wazi.

Mpangaji akihama, badilisha nenosiri la wageni siku hiyo hiyo. Iwe sehemu ya kukabidhiana funguo. Wapangaji wakijua tangu mwanzo kwamba ndiyo taratibu ya nyumba, hakuna atakayeona anasemwa. Ukifanya hivyo mwezi mzima baadaye, baada ya ugomvi wa bando, kila mmoja atadhani unamlenga yeye.

Na ukurasa wa ruta unaonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kumi na tisa kwenye nyumba ya watu tisa, usianze kumtuhumu mtu. Badilisha nenosiri, kisha uangalie ni nani atakayekuja kuuliza.

Mgeni akija, nimpe nenosiri kwa QR?

QR ni rahisi na haina makosa ya kuandika, lakini ndani yake nenosiri limeandikwa wazi wazi. Simu nyingi za Android hulionyesha hata kwa maandishi chini ya picha. Anayepiga picha ya QR yako ana nenosiri lako. Mpe ya mtandao wa wageni, na usiibandike sebuleni ya mtandao mkuu.

Simu yangu ya iPhone inaandika kwamba usalama wa mtandao ni dhaifu. Mbona nina nenosiri?

Ruta yako inatumia WPA ya zamani au ule mchanganyiko wenye TKIP. Ingia kwenye menyu, ondoa TKIP, bakiza AES. Kuna zawadi ya ziada: kwenye vifaa vingi TKIP na WEP zinaishusha kasi hadi Mbps 54 isizidi. Watu wanaouliza kama usimbaji unapunguza spidi, jibu ni kwamba wa kisasa hauonekani, wa zamani ndio unaobana.

Nimeweka WPA3, printa na simu ya mama zimegoma.

Rudi kwenye WPA2/WPA3. Simu za Android 10 na iOS 13 kuendelea, na Windows 10 tangu toleo la 1903, zinaijua WPA3. Vilivyotoka kabla mara nyingi haviijui. Kifaa kimoja kikongwe kisikufanye ushuke hadi WPA. Kiweke kwenye mtandao wa wageni wenye WPA2.

Wakati wa mvua nachomoa ruta nikihofia radi. Nenosiri linafutika?

Halifutiki, linabaki kwenye kumbukumbu ya ruta hata umeme ukikatika siku nzima. Endelea kuchomoa. Radi za kwetu kuanzia Novemba hazina mzaha. Kama ni ya simu ya mezani au kebo ya shaba, chomoa na waya huo pia.

Nimelisahau kabisa.

Kama kuna simu moja bado imeunganishwa, angalia humo kwanza: Android 10 kuendelea na iOS 16 kuendelea zinaweza kukuonyesha nenosiri lililohifadhiwa. Ikishindikana, kuna kitobo kidogo nyuma ya ruta. Bonyeza ndani kwa pini kama sekunde kumi mpaka taa zibadilike, itarudi kama ilivyotoka kiwandani, na nenosiri la kwenye stika litafanya kazi. Lakini sikiliza: kama ni faiba, mpigie kwanza mtoa huduma. Kitobo hicho kinaweza kufuta pia taarifa za kukuunganisha na kampuni, na utabaki na Wi-Fi isiyo na intaneti mpaka fundi wao aje.

Nyumba yangu iko mteremkoni Forest, mawimbi yanashuka hadi barabarani. Nipunguze?

Unaweza. Sogeza ruta katikati ya nyumba, mbali na dirisha linalotazama bonde, na kama menyu ina "Transmit Power", ishushe kidogo. Kuta za matofali ya kuchoma zinapunguza mkondo wa 5 GHz kuliko wa 2.4. Faida yake kubwa utaiona kwenye ubora wa mtandao wako mwenyewe. Kwa usalama usiitegemee, kwa sababu antena nzuri inanasa mbali kuliko simu yako inavyoweza.

Wi-Fi ikishafungwa, benki na M-Pesa ziko salama?

Tuelewane mipaka. Ukitumia *150*00#, hiyo haipiti kwenye Wi-Fi kabisa, inapita kwenye mtandao wa simu. Programu za benki na tovuti zenye https zina usimbaji wao wenyewe, kutoka simu yako hadi kwenye seva ya benki. Usimbaji wa Wi-Fi unalinda kipande cha hewani kati ya simu na ruta, na unalinda nani aingie nyumbani. Haukulindi na mtu anayekupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, wala na kiungo cha zawadi ulichotumiwa WhatsApp.

Pia haukulindi na programu iliyozeeka. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alionyesha dosari katika zile salamu nne za WPA2, iliyopewa jina KRACK. Kubadilisha nenosiri hakukuiponya. Kilichoiponya ni masasisho ya simu na ya ruta. Kwa hiyo ukiwa kwenye menyu, tafuta palipoandikwa "Update" au "Firmware", na masasisho ya simu usiyaahirishe mwaka mzima kwa kubania MB.

Kijana wa jirani anasema anaweza kuvunja Wi-Fi yoyote. Nimwache ajaribu yangu?

Kama ni yako na umemruhusu, ni juu yako. Ya mtu mwingine, hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na "nilikuwa najifunza" si idhini. Kama kijana ana kipaji, mnunulie ruta ya mtumba ajifunzie juu yake, tena hiyo yenye WEP ndiyo mahali pake.

Nibadilishe mara ngapi, na niliandike wapi?

Kama ni maneno matano ya bahati nasibu na hujampa mtu nje ya familia, huna haja ya kulibadilisha kila mwezi. Libadilishe mtu akiondoka nyumbani, simu ikiibiwa, au ukiona kifaa usichokijua kwenye orodha.

Liandike kwenye karatasi, pamoja na lile la kuingilia kwenye ruta, uliweke na hati za nyumba na namba ya mita ya umeme. Mwizi wa Wi-Fi hafiki kwenye droo yako. Mwambie na mtu mmoja mzima wa nyumbani lilipo, ili siku ukiwa safarini Makambako na ruta ikagoma, asilazimike kumwita fundi aanze kuweka namba yake ya simu.